Kupanga sauti za filimbi ya mwanzi bila kufuata piano

Mtu akiniambia filimbi yake ya kienyeji "haiko sawa," mimi humuuliza: haiko sawa na nini? Karibu kila mara jibu ni piano, au programu ya simu inayopima kwa mpangilio wa piano, yaani oktava (umbali kutoka sauti moja hadi ileile ya juu yake) iliyogawanywa hatua 12 zinazolingana, kila moja senti 100; senti hapa ni kipimo kidogo cha umbali kati ya sauti. Filimbi nyingi za asili hazikutobolewa kwa hesabu hiyo. Oktava ikigawanywa hatua 5 zinazolingana, kwa mfano, kila hatua ni senti 240, na piano haina hatua hiyo. Hiyo si kasoro. Ukiilazimisha ifuate piano, nyimbo zake hazitatambulika tena.

Basi ipime kwanza. Ipulize kidogo ipate joto, kwa sababu hewa ya ndani ikiongezeka nyuzijoto 1 ya Selsiasi sauti hupanda kwa senti 3 hivi. Pumzi iwe ileile mwanzo hadi mwisho. Ukikaza, sauti inapanda. Ziba matundu yote, andika sauti ya chini, kisha fungua moja moja kuanzia lililo mbali kabisa na mdomo. Pima tena siku nyingine. Nafasi kati ya sauti zikijirudia vilevile, umeshapata mpangilio wake.

Kutengeneza nyingine ya kufanana nayo ndiko kunakohitaji subira. Kwa sauti ya mitetemo 440 kwa sekunde, nguzo ya hewa ni kama sentimita 39. Mwanzi wenyewe huwa mfupi zaidi, kwa kuwa hewa ya nje kidogo, kwenye ncha, nayo hutetemeka. Hata hivyo kata mrefu, upunguze taratibu ukisikiliza.

Matundu yaanze madogo, la chini kwanza. Kulipanua tundu hupandisha sauti, na ukilipanua kuelekea mdomoni inapanda zaidi. Ukipitiliza, paka nta ukingoni ulipunguze. Ukimaliza la juu, rudi ukapime ya chini upya: kila tundu lililozibwa huongeza nafasi ya hewa ndani ya mwanzi na kuishusha sauti kidogo. Wengi huruka hatua hii.

Mwisho, mwombe mwenzako apulize ile ya zamani, nawe upulize mpya kwa pamoja naye, sauti moja baada ya nyingine. Mkisikia sauti ikivuma kwa mawimbi, inakua na kufifia, hazijakutana bado. Saga kwa msasa mdogo, mpulize tena.