Meza ya ofisi ya kupanda na kushuka: pima kiwiko kabla ya kutoa pesa

Anayekwenda kununua meza ya umeme ya kupanda na kushuka kwa kawaida huuliza dukani: inapanda mpaka wapi? Swali la kutangulia ni inashuka mpaka wapi. Meza nyingi za aina hii hufika sentimita 118 au 120 juu, na kimo hicho kinamtosha hata mtu mrefu kusimama na kuandika. Meza za bei nafuu hufeli upande wa chini. Nyingi hugota kwenye sentimita 71 au 72 kabla hata ubao haujawekwa. Weka ubao wa sentimita 2.5, umekaribia 74. Mtu wa kimo cha sentimita 155 akikaa sawasawa, nyayo zikiwa sakafuni, kiwiko chake kiko kwenye sentimita 62 au 63 hivi. Meza hiyo itamfanya apandishe mabega kutwa nzima, au apandishe kiti hadi miguu ining'inie. Ametoa pesa nyingi na shingo bado inamuuma.

Kwa hiyo anza na futi, si katalogi. Vaa viatu unavyovaa kazini. Kaa kwenye kiti utakachotumia, rekebisha kimo chake mpaka nyayo zitulie sakafuni na magoti yakunjike vizuri. Legeza mabega, kunja mikono nyuzi 90, na mwenzako apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Andika namba hiyo. Simama wima, rudia kipimo hicho hicho. Kila namba ipunguze sentimita 2 au 3, kwa sababu vidole vinafanya kazi juu ya kibodi na kibodi ina unene wake. Namba mbili unazobaki nazo ndizo za kwenda nazo dukani.

Ofisi ambayo watu hupokezana meza impime mfupi kuliko wote na mrefu kuliko wote. Mtu wa sentimita 155 atahitaji ubao ushuke hadi 60 na kitu. Mtu wa sentimita 185 akisimama kiwiko chake kinakaribia 119. Kiwango cha Ulaya cha meza za ofisi, EN 527-1, kwa meza za kukaa na kusimama kinataka ubao utembee kutoka sentimita 65 hadi 125. Kama huna muda wa kupima watu wote, ishike hiyo kama kigezo, ukikumbuka kuwa aliye mfupi sana anaweza kuhitaji chini ya 65.

Tofauti iko kwenye miguu. Mguu ni mabomba ya chuma yanayoingiana. Wenye mabomba mawili una masafa mafupi, ndiyo maana haushuki sana. Wenye matatu hushuka hadi 60 au 62 na bado ukapanda kupita 120. Bei yake ni kubwa zaidi, na kwa ofisi yenye watu wa vimo mbalimbali hapo ndipo pesa ya ziada inapostahili kwenda, kabla ya rangi, chaja ya simu ndani ya ubao au taa za mapambo. Soma vipimo kwa makini: wauzaji wengi huandika kimo cha fremu peke yake, bila ubao. Ukifunga magurudumu chini ya miguu, ongeza sentimita 6 au zaidi, na masafa yote ya chini uliyoyalipia yamepotea.

Uimara

Meza yoyote ikiwa chini ni imara. Ijaribu ikiwa juu, kwenye namba yako ya kusimama. Weka viganja ukingoni, sukuma mbele na nyuma, halafu kushoto na kulia. Kisha andika kwa nguvu kwenye kibodi huku ukitazama skrini. Ikitikisika mpaka maandishi yakukere, haitakuwa bora ofisini. Mtikisiko wa mbele na nyuma hutokana na nyayo fupi za meza: kwa ubao wenye kina cha sentimita 70 hadi 80, nyayo ziwe na urefu wa angalau 65. Wa kushoto na kulia hutokana na fremu nyembamba au bolti zisizokazwa. Boriti ya kuunganisha miguu miwili chini ya ubao husaidia sana. Angalia pia kama chini ya nyayo kuna vipira vya kuzungusha kurekebisha usawa. Sakafu zetu za marumaru ni nadra kuwa sawa kabisa, na meza isiyo na vipira hivyo itayumba hata ikiwa ya bei mbaya.

Mota na uzito

Meza yenye mota moja huendesha miguu yote miwili kwa fimbo ya chuma inayopita chini ya ubao. Kwa kawaida hubeba kilo 70 au 80 na kwenda milimita 25 kwa sekunde. Yenye mota mbili, kila mguu una wake, hubeba kilo 100 hadi 125 na kufika milimita 38 kwa sekunde. Kwa safari ya sentimita 50, hiyo ni sekunde 20 dhidi ya 13. Mwendo si jambo kubwa. Uzito ndio jambo, na hesabu yake huanza na ubao wenyewe, jambo ambalo wengi hulisahau. Ubao wa MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa) wa sentimita 160 kwa 80, unene 2.5, una uzito wa kilo 24 hivi. Ongeza skrini mbili na mikono yake, kilo 15. Kompyuta ya mezani kilo 10, mafaili na printa ndogo kilo 10 nyingine. Umefika 59, na hapo bado hakuna aliyeegemea. Acha nafasi ya theluthi moja hivi: mzigo wa kilo 59 upewe meza ya 90 au 100. Mota inayobeba karibu na kikomo chake kila siku hupata joto, hulalamika, na hufa mapema.

Uliza pia jina lililoandikwa kwenye boksi la kudhibiti, lile lililofungwa chini ya ubao. Chapa za meza ni nyingi kuliko viwanda vinavyotengeneza mota na miguu. LINAK ya Denmark, TiMOTION ya Taiwan na JIECANG ya China ni baadhi ya majina utakayokutana nayo. Boksi lenye jina linalojulikana linaweza kupatiwa la kubadilisha. Boksi lisilo na jina likiungua, mara nyingi meza nzima imekwenda nalo.

Kifaa cha kuisimamisha meza inapogusa kitu kijaribu kwa boksi la katoni lililojaa karatasi, kamwe si kwa mkono wala goti. Liweke juu ya kiti, shusha meza. Inatakiwa isimame ikiligusa na irudi juu sentimita chache. Ikiendelea kusukuma, achana nayo, hasa kama kuna watoto watakaoisogelea.

Umeme

Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240, zote hezi 50. Meza iliyoagizwa kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 pekee. Soma kibandiko cha boksi la kudhibiti. Kikisema 100–240V, hakuna shida zaidi ya plagi. Kikisema 120V, ukichomeka moja kwa moja boksi litaungua. Transfoma ya kushusha umeme inawezekana, lakini kwa ofisi ni usumbufu wa kudumu. Tafuta meza nyingine.

Umeme ukikatika, meza haianguki. Miguu huendeshwa na skrubu ndefu ndani yake, na skrubu hiyo hushikilia mzigo bila umeme. Kinachoharibu vifaa ni umeme unaorudi kwa kishindo, kwa hiyo chomeka meza kwenye kifaa cha kulinda umeme kama unavyofanya kwa friji. Usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika: mota ikianza kuvuta inaweza kuizidi nguvu UPS hiyo na kuzima kompyuta pamoja nayo. Bili isikusumbue, maana mota hufanya kazi sekunde chache tu kwa siku. Mahali ambapo umeme hukatika kwa saa nyingi, meza ya kuzungusha kwa mkono inafaa zaidi kuliko watu wanavyodhani, mradi itumiwe na mtu mmoja; ikiwa ya kupokezana, hakuna atakayejisumbua kuizungusha.

Ubao: mpe kazi seremala

Ushauri wetu, kama una seremala unayemwamini, ni kununua fremu peke yake na kutengenezewa ubao hapa hapa. MDF na chipubodi hufanya kazi vizuri bara, ila kwenye unyevu wa Pwani huvimba kila mahali pasipozibwa: ukingo uliobanduka, tundu la kupitishia nyaya, tundu la skrubu. Ukizitumia, ziba matundu yote kwa vanishi. Mninga au msaji ulio mkavu hudumu zaidi na unapendeza.

Mbao asilia hutanuka na kusinyaa kwa upana wake msimu ukibadilika, karibu hazibadiliki kwa urefu. Ukizibana kwa skrubu kwenye matundu ya duara yasiyo na nafasi, zitapasuka au zitapinda. Mwambie fundi matundu ya fremu yanayokwenda kwa upana wa ubao ayafanye marefu kidogo, na aweke washa pana. Skrubu ziwe fupi kuliko unene: kwa ubao wa milimita 25, skrubu ya 20 inatosha, ukihesabu na bati la fremu. Toboa kwanza kwa keekee yenye ncha ndogo kuliko skrubu. Kabla ya kukata, angalia upana ambao fremu inakubali. Nyingi hutanuka kutoka sentimita 110 hivi hadi 170 au 180. Kina kisipungue 70, la sivyo skrini itakuwa usoni.

Nafasi na nyaya

Meza inayotembea inahitaji hewa pande zake. Acha sentimita 2.5 au zaidi kutoka ukutani na kwenye kizingiti cha dirisha, vidole visibanwe. Tazama juu pia: rafu, swichi, chini ya kiyoyozi. Kabati la droo lililokuwa chini ya meza ya zamani lazima lihame au liwe fupi kuliko kimo cha chini kabisa, kwani meza ikiligonga kila jioni ndipo mota huanza kupoteza hesabu.

Pandisha meza hadi mwisho ndipo upime nyaya, na uongeze sentimita 30. Njia safi ni kufunga ekstensheni chini ya ubao, vifaa vyote vichomekwe hapo, kisha waya mmoja tu ndio ushuke sakafuni. Kompyuta ya mezani nayo ining'inizwe chini ya ubao, au ipewe nyaya ndefu. Waya mfupi wa skrini huvunja soketi siku ya kwanza.

Kufunga

Laza ubao kifudifudi juu ya zulia. Bolti zote ziingize kwa vidole kwanza, hakikisha fremu imenyooka pembe zote, ndipo ukaze kwa ufunguo wa pembe sita. Anayekaza moja moja hadi mwisho huishia na fremu iliyopinda, na miguu iliyopinda husuguana ndani. Unganisha nyaya za miguu kwenye boksi, zikae mbali na sehemu zinazosogea. Kugeuza meza ni kazi ya watu wawili au watatu, wakishika fremu. Ukishika ubao, skrubu hung'oka. Weka pimamaji juu, rekebisha vipira. Mwisho, kabla ya kuweka chochote juu, iwekee sifuri: bonyeza kitufe cha kushuka mpaka ifike chini, achia, kisha kibonyeze tena na kukishikilia hadi ishuke kidogo, ipande kidogo na isimame. Hapo boksi limejua miguu iko wapi. Kisha hifadhi namba zako mbili kwenye vitufe vya kumbukumbu.

Kufanya sifuri hivyo ndiyo tiba ya kwanza ya hitilafu nyingi pia. Umeme ukikatika meza ikiwa inatembea, inaweza kuwaka ikionyesha herufi E na namba, ikakataa kupanda. Chomoa dakika moja, chomeka, rudia sifuri. Ikionyesha HOT, mota zimechoka: meza nyingi zimetengenezwa kwa dakika 2 za kazi na 18 za kupumzika, na kuichezea mbele ya wageni humaliza dakika hizo haraka. Iache ipoe. Upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine hata baada ya sifuri, zima, kagua waya wa mguu ulioachwa nyuma, halafu mwite muuzaji. Usiufungue mguu.

Kusimama

Tamko la wataalamu lililochapishwa mwaka 2015 katika British Journal of Sports Medicine liliwashauri wafanyakazi wa ofisini waanze na saa 2 za kusimama na kutembeatembea katika siku ya kazi, kisha wapande taratibu hadi 4. Zigawanye vipande vya dakika 15 hadi 30. Anayesimama saa 3 mfululizo siku ya kwanza ataumwa visigino na kiuno, na meza itabaki chini milele. Sakafu ya marumaru ni ngumu. Zulia nene la kusimamia, la sentimita 2 hivi, lina msaada. Pandisha na skrini: ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa mkono mmoja. Mwenye laptopu peke yake anahitaji kibodi ya pembeni na kitu cha kuinulia skrini, vinginevyo atasimama ameinama.