Somo: Kufunga kiwanja cha shabaha mafundi wakiwa kazini

Kilichonisukuma kuandika somo hili ni sufuria ya mbaazi. Jumamosi moja, saa mbili na robo asubuhi, bendera nyekundu ya kuonya kwamba watu wanapiga shabaha inapepea, walengaji watano wameshalala kwenye mikeka yao, nikazunguka nyuma ya tuta, lile lundo la udongo linalozuia risasi, kwa mazoea tu. Nikakuta vibarua watatu wamekaa kitako kivulini, sufuria katikati, mahamri juu ya gazeti. Bendera waliiona. Mmoja alidhani inaonyesha mahali lori litakapomwaga mchanga. Hakuna risasi iliyokuwa imetoka, lakini magoti yaliniisha nguvu. Na tangazo lilikuwa limebandikwa langoni wiki nzima, herufi kubwa.

Sasa naamini kufuli. Tunafanya hivi:

Kwanza, gawa siku, usigawe kiwanja. Kila klabu inayojenga hushawishika kufunga upande mmoja na kuendelea kulenga upande wa pili. Risasi ndogo ya .22 ikipotea juu ya tuta huenda zaidi ya kilomita moja. Utepe wa plastiki hauizuii. Tena mlengaji kaziba masikio, mashine ya zege inanguruma, na kusi likivuma hata filimbi haifiki. Kwa hiyo mafundi wana Jumatatu hadi Alhamisi, walengaji wana Jumamosi na Jumapili. Ijumaa hakuna mtu: wengi wanaenda swala, nasi tunapata nafasi ya kukagua.

Pili, ufunguo mmoja. Lango na stoo ya vibao vya shabaha vina kufuli zinazofunguliwa na ufunguo uleule, na ufunguo anao yule ambaye siku ni zake: msimamizi wa mafundi siku zao, sisi siku zetu. Alhamisi jioni msimamizi wa mafundi haukabidhi mpaka ahesabu watu wake. Kuhesabu kwa macho hakufai, kuna anayekwenda haja na kuna aliyelala. Tulichukua vifuniko vya soda, tukavitoboa, tukavipiga namba kwa msumari. Kibarua akiingia anatundika chake ubaoni, akitoka anakichukua. Kifuniko kimoja kikibaki ubaoni, ufunguo haubadilishi mkono. Imetugharimu misumari tu.

Tatu, kagua kila lori la udongo. Hapa ndipo ugomvi ulipo. Malindi kifusi cha matumbawe kutoka nyumba zilizobomolewa ni rahisi kupata, na mkandarasi atakuletea akisema tuta ni tuta. Mkatalie. Risasi ikigonga jiwe hurudi au huruka pembeni, na huwezi kujua itaelekea wapi. Sisi tunataka upande wa mbele wa tuta, kina cha nusu mita, uwe mchanga au udongo uliochekechwa. Mimi huchoma sururu mahali kumi bila kuchagua. Ikilia kwa jiwe, lori linarudi.

Udongo wa tuta la zamani nao una hatari yake. Kiswahili kimetuambia mapema: risasi ya bunduki na madini ya risasi ni neno moja. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto, na kibarua hulibeba nyumbani kwenye nguo. Mwagia maji kabla ya kuchimba, wape barakoa, weka pipa la maji na sabuni, na asile mtu kabla ya kunawa. Ile mbaazi ilikuwa na hatari mbili.

Nne, kufungua tena. Zunguka kwa miguu, nyuma ya tuta kwanza. Mlengaji mmoja, bunduki moja, risasi tano; kisha shusha silaha zote, chemba (mahali risasi inapokaa tayari kupigwa) wazi, mkatazame zilipoingia. Wengine baadaye.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mzee. Siku za mafundi naweza kufanyia mazoezi shambani kwangu Kakuyuni?*
Marahaba. Hapana. Shamba si kiwanja kilichoidhinishwa, na leseni yako iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, usiichezee. Fanya mazoezi makavu, yaani ya kulenga bila risasi, nyumbani: magazini nje, chemba ikaguliwe mara mbili, risasi zote chumba kingine na mlango umefungwa.

*Vibao vya chuma vinaruhusiwa wikendi?*
Mpaka ujenzi uishe, karatasi tu. Chuma hutawanya vipande, na pembeni tuna mbao, nondo na mitungi ya gesi ya kuchomelea.

*Nina mtu anataka kununua udongo wa tuta la zamani apigie lipu. Tumuuzie?*
Hata bure asipewe. Soma tena hatua ya tatu, kisha mwambie sababu.

*Masika yakija kabla tuta halijakamilika?*
Mchanga utaporomoka, na mawe ya ndani yatatokeza. Lifunike turubai, na kila baada ya mvua kubwa sururu irudi kazini. Pakiwa na jiwe, hakuna kulenga, hata kama umetoka Watamu na umelipa tuktuk.

*Ada ya siku zilizofungwa itarudishwa?*
Mwulize mweka hazina. Mimi ni wa kufuli.

*Na huo ufunguo ukipotea? Wa akiba uko wapi?*
Hakuna wa akiba. Tutamwita fundi kufuli kutoka sokoni akate mnyororo, nanyi siku hiyo mtarudi nyumbani.