Mkongwe apige, asiketi tu: kuandaa tamasha la kuwaenzi wanamuziki wa mtaa

Tamasha nyingi za kuwaenzi wakongwe hapa Nairobi huharibika kwa namna ileile: mzee anavishwa shuka, anapewa ngao, anapigwa picha, kisha vijana wanapiga nyimbo zake naye ameketi chini ya hema. Kama mkono bado unashika gitaa, mpe nafasi apige. Dakika 20, nyimbo 4, zinatosha.

Anza wiki 6 kabla. Mwendee nyumbani pamoja na mpiga solo wa bendi itakayomsindikiza. Ulizeni anataka nyimbo zipi, jina lake liandikweje kwenye bango, na alipiga na nani. Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu lebo ya santuri mara nyingi ilitaja kiongozi wa bendi peke yake. Bendi ya Les Wanyika inakumbukwa kwa sauti ya John Ngereza, lakini besi ya Tommy Malanga na gitaa la ridhimu la Omar Shabani ndizo zilizobeba mtindo ule. Mpiga besi wa mtaani kwenu naye aitwe jukwaani.

Sasa kii (kimo cha sauti ambacho wimbo unapigiwa), maana hapa ndipo kazi ilipo. Sauti ya mtu wa miaka 75 haifiki ilikofika akiwa na 30, na mara nyingi wimbo utahitaji kushushwa nusu toni 2 au 3. Vijana hukimbilia kuhamisha kodi (chords, yaani mashiko ya gitaa), na benga inakufa papo hapo: solo ya benga mara nyingi hutegemea nyuzi zilizo wazi, na vidole vya mzee vinajua njia moja tu. Legezeni magitaa yote toni nzima (nusu toni 2), besi ikiwemo, ili kila mtu abaki na mashiko yake ya zamani. Nyuzi zikilegea hupiga kelele kwenye vibao vya shingo ya gitaa, kwa hiyo tumieni seti ya nyuzi nene zaidi, inayoanza na namba 11 badala ya 9. Mpiga saksafoni aambiwe mapema. Yeye hana nyuzi za kulegeza.

Mkijifunza kutoka rekodi ya mtandaoni, jihadharini: santuri nyingi zilinakiliwa kwa kasi isiyo sahihi, na wimbo unaangukia katikati ya kii mbili. Tena mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa pande mbili za santuri, kuimba upande huu, gitaa la kasi upande ule. Msiishie upande wa kwanza.

Kwa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, bendi ndiyo imfuate mpigaji, si yeye aifuate bendi. Hukaa kwenye kigoda kifupi, huku pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga ala na njuga zikilia mguuni. Weka maikrofoni moja kwenye nyuzi na nyingine karibu na mguu. Ukisahau ya pili umekata ngoma yake.

Mazoezi yawe mawili, mchana, karibu na anakoishi. Jukwaani weka kiti kigumu kisicho na mikono (mikono ya kiti hugongana na gitaa), ngazi yenye pa kushikilia, na spika ya kujisikia mbele ya miguu yake. Asipojisikia ataimba kwa nguvu, na sauti itakwisha wimbo wa pili.

Ukumbi wa jamii kama wa Kaloleni hufaa kuliko uwanja, hasa Julai, baridi inapokaza vidole. Anzeni saa nane mchana na mkongwe apande kufikia saa kumi. Wanasiasa wapewe dakika 3 kila mmoja, na wazungumze baada ya muziki. Wakitangulia, hesabu saa nzima imekwenda. Kibali cha kelele kinatoka kaunti. Taarifa kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) ipelekwe siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. Leseni ya muziki itoke kwa shirika lililoidhinishwa na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Malipo yafanyike kabla hajapanda jukwaani. Kama ni M-Pesa, hakikisha namba ni yake: laini nyingi za wazee zimesajiliwa kwa jina la mtoto, na pesa huishia huko. Cheki kubwa ya kadibodi iacheni. Gari lilipiwe kwenda na kurudi, na dereva aambiwe mapema kwamba kuna amplifaya ya kuingia kwenye buti.