Mkopo wa HESLB: tengeneza karatasi kabla dirisha halijafunguliwa

Kila mwaka wapo wanaosubiri HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania, itangaze kufungua dirisha la maombi ndipo waanze kutafuta vyeti. Kujaza fomu mtandaoni ni kazi ya siku moja. Kinachochukua wiki ni makaratasi.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au na ZCSRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, kwa mliozaliwa huko. Yatima aambatanishe na cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe vilevile. Kabla ya kutuma cheti cha kuzaliwa, kiweke kando ya cheti cha kidato cha nne usome jina herufi kwa herufi. "Mohamed" huku na "Mohammed" kule ni mtu mmoja nyumbani kwenu, lakini kwenye mfumo ni wawili. Kurekebisha jina huchukua muda, kwa hiyo lishughulikie mapema.

Kisha kusanya ushahidi wa hali yako. Bodi haitakuja kwenu kuona mnavyoishi, inasoma ulichopakia. Kama kaya yenu ni mnufaika wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, tafuta namba ya kaya. Kama wewe au mzazi ana ulemavu, fomu ithibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kama masomo yako ya nyuma yalifadhiliwa, omba barua kwa aliyekufadhili. Kuna wanaoona aibu kuyaandika haya. Aibu hiyo itakugharimu ada.

Dirisha likifunguliwa, ingia kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuomba mkopo mtandaoni, na ujisajili kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Kama ulirudia mtihani, tumia namba ileile uliyoombea chuo, la sivyo udahili na mkopo havitakutana. Mfumo utakupa namba ya malipo. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, nayo hairudishwi.

Jaza, chapisha, kisha zunguka na fomu: saini yako, saini na picha ya mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na wa hakimu au wakili. Mdhamini asiwe jina la kuazima; aelewe anachosaini. Pakia kurasa zilizosainiwa, na uhakikishe mihuri inasomeka. Picha ya simu iliyopigwa gizani steshenari imeshawaponza wengi. Ukikosa mkopo, au ukipangiwa kidogo, subiri dirisha la rufaa na uende na ushahidi mpya. Malalamiko matupu hayasaidii.

Ukipata, tuongee kuhusu boom, yaani fedha ya kujikimu. Fedha hiyo ya chakula na malazi ni hadi shilingi 10,000 kwa siku, ila inaingia kwa mkupuo, na mkupuo hudanganya macho. Lipa chumba kwanza. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya wiki mpaka boom lijalo, sehemu ya wiki hii iache kwenye simu, nyingine ikae benki. Simu mpya isubiri.

Na hilo ni deni. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi tena kama la kaka na dada zetu.