Sura ikikupotea, shika mwendo
Kwa sisi wenye usonji ambao sura za watu hazikai kichwani, hata za tunaowapenda: ukikutana na mtu mpya, chagua kitu kimoja kisichobadilika ovyo, yaani mwendo, sauti au umbo la masikio, ukiandike kwenye simu pembeni ya jina lake mara tu mnapoagana. Mfano: "Anaburuza kidogo mguu wa kushoto, hucheka kwa kuvuta pumzi." Nywele na nguo achana nazo, akisuka upya tu, umempoteza. Mwendo unafaa zaidi kwa sababu unamtambua mtu akiwa bado mbali, unapata muda wa kujiandaa kumsalimu. Akiwa ameketi kimya mahali usipomtarajia, njia hii inagoma. Hapo mimi husema wazi: "Samahani, sishiki sura, nikumbushe jina lako."