Kuandaa somo la watoza ushuru kwa jumuiya, hatua kwa hatua

Somo hili ni la saa moja, kwa watu 8 hadi 15 wanaokutana nyumbani kwa mwenzao, kama zinavyofanya jumuiya nyingi hapa Malindi. Shabaha ni kila mtu akione kiburi chake mwenyewe, asiishie kukisema cha Farisayo.

1. Chagua vifungu. Luka 18:9–14, mfano wa Farisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni kusali, ndiyo shina. Ongeza Luka 3:12–13 na 19:1–10, basi. Kuitwa kwa Lawi, mtoza ushuru mwingine, kuweke wiki nyingine.

2. Tumia Biblia ya karatasi. Msomaji wa simu huruka moja kwa moja hadi mstari wa 10, mfano unapoanza, akaukosa wa 9 unaosema Yesu aliwalenga nani: waliojiona wenye haki wakawadharau wengine. Bila mstari huo somo halina mlango. Kwa kusoma kwa sauti, tafsiri ya Union Version haina mpinzani.

3. Eleza kazi ya mtoza ushuru. Mwenye meza ya samaki hapa mjini akilipa ushuru wa soko, anayepokea ni mwajiriwa na anatakiwa kutoa risiti. Enzi za Yesu haki ya kutoza ushuru wa njiani na mipakani iliuzwa: mtu alijifunga kwa kiasi fulani kwa watawala, kisha akakifidia kwa kuwatoza wapita njia, na faida juu. Ndiyo maana katika Luka 3 Yohana Mbatizaji hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasitoze kupita walivyoamriwa. Usiwafananishe na watoza wa soko letu. Huenda mmoja amekaa mkekani hapo, na akinyamaza yeye, wengine watanyamaza naye.

4. Mrudishie Farisayo heshima yake. Hapa ndipo masomo mengi huharibika, kwa hiyo tenga dakika 20. Tumezoea kumsikia Farisayo kama jina la matusi, hata mfano unakuwa umeisha kabla haujaanza. Waliomsikia Yesu walimjua Farisayo kuwa mtu wa dini wa kuaminika. Torati iliagiza siku moja ya kufunga kwa mwaka, Siku ya Upatanisho (Walawi 16:29). Huyu alifunga mara mbili kwa juma. Alitoa zaka ya mapato yake yote. Wala hadanganyi. Anamshukuru hata Mungu!

Uliza: “Kati ya hawa wawili, ungemkabidhi nani hela za chama?” Ngoja wajibu kwa kweli. Watamtaja Farisayo, na hapo ndipo mstari wa 14, unaosema ni mtoza ushuru aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki, unaanza kuuma. Kosa lake liko kwenye neno moja, “kama”: amejipima kwa jirani, na hakuomba kitu chochote.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, kikundi kikitoka kikisema “afadhali sisi si kama Farisayo yule,” kimerudia sala yake neno kwa neno. Ukiisikia sentensi hiyo, simamisha mazungumzo na usome tena mstari wa 11. Pili, usiligeuze somo kuwa kuwasema Wayahudi au majirani wa dini nyingine. Yesu na mitume walikuwa Wayahudi, na mtoza ushuru yule naye alipanda hekaluni kusali.

5. Pima “uniwie radhi”. Pwani tunasema “niwie radhi” hata kwa kumkanyaga mtu mguu, kwa hiyo sala ya mtoza ushuru, mstari wa 13, inaweza kusikika nyepesi. Kitenzi cha Kigiriki ni kilekile cha Waebrania 2:17, penye kufanya suluhu kwa dhambi. Someni mistari yote miwili pamoja. Huyu anaomba deni asiloweza kulilipa lifunikwe.

6. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Luka 19, aliyepanda mti amwone Yesu. Kwa kifupi: mkuyu wa Yeriko ni jamaa ileile ya mkuyu wa kingo za mto Tana, matawi yake huanzia chini, ndiyo maana mtu mfupi aliweza kuupanda. Kaeni zaidi kwenye mstari wa 8. Hesabu 5:7 ilidai mali irudishwe pamoja na sehemu ya tano. Yeye anataja mara nne, na nusu ya mali yake anawapa maskini. Unyenyekevu wake una kiasi kinachohesabika.

7. Karatasi. Kila mtu aandike kimya jina la mtu anayejilinganisha naye, na kitu kimoja anachopaswa kurudisha. Dakika 5. Zisikusanywe wala kusomwa. Kila mtu aondoke na yake.