Muhogo mchungu: toa sumu jikoni, mwili usiilipie

Muhogo wa maweni, kama wa Micheweni au Makunduchi, huzidi uchungu mvua zikikatika, kwa sababu mmea wenye kiu hulimbikiza linamarini, kemikali inayobeba sayanaidi. Muhogo ukikatwa, ukitwangwa au ukirowekwa, linamarini hukutana na kimeng'enya (kichocheo cha asili) kiitwacho linamarasi, na sumu ya sayanaidi hutoka. Kazi yetu ni kuhakikisha inatokea kwenye beseni, isitokee tumboni.

Ikiingia mwilini, sayanaidi huziba mwisho wa njia ya upumuaji ndani ya seli. Elektroni zilizokosa pa kwenda huvujia kwenye oksijeni na kuzaa chembe huru zinazochubua kuta za seli. Sumu hiyohiyo hufunga katalesi, kimeng'enya kimojawapo cha kuzima uharibifu huo. Kwa anayekula muhogo kila siku, hasara kubwa zaidi ni ya salfa. Mwili huigeuza sayanaidi kuwa thiosayaneti, ambayo si kali, kwa kutumia salfa ya sisteini na methionini, amino asidi zinazopatikana kwenye protini. Sisteini hiyohiyo ndiyo inayotengeneza glutathioni, mlinzi mkuu wa seli.

Tupige hesabu. Miligramu 1 ya sayanaidi huhitaji salfa iliyomo kwenye miligramu 5.5 hivi za methionini. Unga wenye miligramu 50 kwa kilo (kiwango salama cha kimataifa ni 10), ukila gramu 400 kwa siku, umekula miligramu 20 za sayanaidi. Gharama yake ni miligramu 110 za methionini. Anayekula samaki kila siku hatazihisi, lakini mtoto anayelala na ugali na mchuzi wa majani atazihisi.

Hatua ya 1: Menya. Toa ganda lote, jeusi la nje na jeupe nene la ndani, kwani sumu imejaa humo. Utamu wa kipande kimoja usikudanganye, mizizi ya shina moja hutofautiana.

Hatua ya 2: Roweka. Kata vipande, vizamishe kabisa kwenye maji kwa siku 3 hadi 4, mpaka vibonyee kwa kidole. Hapa ndipo sumu nyingi huondoka, kwa sababu uchachu hulainisha kuta na kimeng'enya hufika kila mahali. Kosa la kawaida ni kuvitoa siku ya kwanza kwa kuogopa harufu. Kosa la pili ni kukata vipande vyembamba na kuvianika moja kwa moja juani: hukauka upesi, kimeng'enya husimama kabla ya kumaliza kazi, na makopa hayo meupe ya kupendeza hubaki na sumu nyingi. Maji ya kurowekea yamwage, asiyanywe mbuzi wala kuku.

Hatua ya 3: Kamua, anika kwenye jamvi mpaka vipande vivunjike kwa mlio, kisha saga.

Hatua ya 4: Lowesha unga. Hii ni kwa makopa ya kununua, ambayo hujui yalivyotengenezwa. Tia unga kwenye beseni, weka alama ya kimo chake, ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza; endelea mpaka urudi kwenye alama. Utandaze kwenye jamvi, unene usizidi sentimita 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Gesi hutoka yenyewe. Songa ugali siku hiyohiyo, ukiulaza, huchacha.

Kisamvu kina sharti lake: twanga kibichi, kwa dakika 10 au zaidi, mpaka majani yawe laini kabisa. Anayechemsha majani mazima kwanza ili apate wepesi wa kutwanga huua kimeng'enya kwa moto, na linamarini hubaki. Baada ya kutwanga, liache rojo lipate hewa kama unga ulioloweshwa, lioshe kwa maji mara 3, kamua, ndipo upike bila kufunika mpaka lichemke vizuri. Tui tia mwisho.

Muhogo mtamu wa kuchemsha hauhitaji yote haya. Menya, kata vipande vidogo, pika kwa maji mengi, mwaga maji hayo kisha tia nazi. Muhogo mchungu usiupike hivi.

Kwenye sahani, weka dagaa, samaki, yai au kunde. Samaki huleta salfa pamoja na madini ya seleniamu, ambayo kimeng'enya kinachotumia glutathioni huyahitaji ili kifanye kazi. Chumvi iwe yenye madini joto, kwani thiosayaneti huzuia tezi ya shingo kuyapokea.

Mtu akitapika, akishikwa na kizunguzungu au akipumua kwa shida saa chache baada ya kula, mpelekeni hospitali na mbebe mabaki ya chakula. Miguu kukakamaa ghafla baada ya wiki kadhaa za kula muhogo mchungu ni dalili ya konzo, ugonjwa ulioonekana Tarime mwaka 1985. Hauponi, hivyo familia nzima ibadilishe unga siku hiyohiyo.